Haikuwa Hivyo: Mtazamaji Mbele ya Sanaa ya Vita

Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ huko Limuru, wakulima na wafanyakazi wa viwandani walikuwa wakifanya mazoezi ya tamthilia ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, iliyotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanyika uwanjani, mchana kweupe, na mpita njia yeyote aliweza kusimama akatazama. Watu walisimama, na hawakunyamaza. Wazee waliingilia kati mwigizaji alipokosea lugha ya wazee. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu walieleza kazi yao inavyokwenda, mshahara unavyokatwa, mtu anavyochoka. Wanawake waliokuwa na umri wa kutosha kuzijua sherehe za ndoa za zamani waliongoza nyimbo zake. Na bunduki za bandia zilizotumika jukwaani zilitengenezwa na mtu yule yule ambaye zamani aliwatengenezea wapiganaji wa Mau Mau bunduki za kweli.

Jambo hilo Ngũgĩ mwenyewe amelisimulia, tena kwa kupita tu, kama mtu anayetaja nani alileta viti. Mimi huwa nakwama hapo. Mtu anakaa na mbao zake, anachonga kitu ambacho miaka ishirini na zaidi iliyopita kingemtia kitanzi shingoni, na sasa anakichonga ili jirani yake akibebe mbele ya watoto. Ukimuuliza maoni yake kuhusu tamthilia, atakwambia nini? Nadhani angekwambia mtutu ulikuwa mrefu kidogo kuliko huu.

Wahakiki wetu wa sanaa huzungumza sana kuhusu msanii: alizaliwa wapi, alikusudia nini, alifungwa lini. Mtazamaji utamkuta mwishoni, katika sentensi moja, kwamba kazi hii inagusa hisia. Hisia za nani? Na aliyeguswa hufanya nini? Nikiziangalia kazi za upande wetu wa dunia zilizoshughulikia vita, utambulisho na mageuzi ya jamii, naona mwenendo mmoja unaojirudia. Aliyeguswa kwelikweli haanzi kwa kusifu. Huanza kwa kusahihisha. Haikuwa hivyo, husema. Au ilikuwa hivyo, ila umemsahau fulani. Sifa hutoka kwa aliyesimama mbali, na si kosa lake, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Serikali ya Kenya ililielewa hilo mapema kuliko wahakiki. Ngaahika Ndeenda ilianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977 katika jukwaa la wazi walilojijengea wanakijiji wenyewe, lenye nafasi ya watu wapatao 2,000. Tarehe 16 Novemba kibali kikafutwa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Riwaya yake ya Kiingereza, Petals of Blood, ambayo haikuwa na upole wowote kwa watawala, ilikuwa imezinduliwa mwaka huohuo bila mtu kuguswa. Tofauti haikuwa katika ukali wa maneno. Riwaya ilisomwa na mtu mmoja mmoja chumbani. Kamĩrĩĩthũ watu walikuwa wanasahihishana hadharani kuhusu nani alipigania nini na nani akapata shamba. Mwaka 1982 askari wakaja wakalibomoa jukwaa lenyewe. Hawakuchoma vitabu, walibomoa mahali pa kubishania.

Sasa twende Lubumbashi, Kongo, ambako jambo hili lilifanyika ndani ya nyumba za watu, tena kwa Kiswahili.

Katika miaka ya 1960 na 1970, wafanyakazi wa migodi na makarani wa mji huo walikuwa na desturi ya kununua picha za rangi na kuzitundika sebuleni. Wachoraji walizichora juu ya turubai la magunia ya unga na kuzitembeza mtaani au baa kwa baa. Mara nyingi zilikuwa picha za nguva, nusu mwanamke nusu samaki, au za nyumba za kijijini. Lakini kulikuwa na picha moja iliyochorwa mara nyingi sana na wachoraji tofauti, kiasi kwamba ilikuwa kama kalenda ya ukutani. Ilizoeleka kwa jina la Colonie belge. Gereza la kikoloni: bendera ya Ubelgiji inapepea, mfungwa amelazwa kifudifudi chini, suruali imeshushwa, anachapwa. Anayechapa ni Mwafrika mwenye kofia nyekundu. Mzungu amesimama pembeni, hajashika kitu zaidi ya kiko chake. Wanawake wamekuja na chakula na wanalia.

Nani anunue picha ya mtu anayechapwa matakoni, aitundike juu ya kochi, mahali ambapo wakwe watakaa? Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliozitafiti picha hizo miaka ya sabini, walisikia jibu lilelile kwa wenye nyumba: picha inakumbusha. Mgeni akiiona, ataanza kusema. Baba atasimulia alivyochapwa, mjomba atasema yeye alichapwa zaidi, na mama atakumbuka chakula kilivyomwagwa. Picha yenyewe haikuhitaji kuwa nzuri. Kazi yake ilikuwa kuwafanya waliokaa chini yake waanze kubishana.

Kuna usahihishaji mwingine uliofanyika kimya. Picha hizo mara nyingi ziliandikwa miaka juu yake, 1885 hadi 1959, maana yake mambo haya yalikwisha. Lakini zilikuwa zikinunuliwa chini ya Mobutu, wakati mwanajeshi alipoweza kukusimamisha njiani na kukulaza chini vilevile. Mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki ameeleza kwa kirefu kwamba watazamaji walikuwa wakiuona utawala wa siku zao ndani ya picha ya utawala wa zamani. Mchoraji alikuwa salama, kwa sababu tarehe ilikuwa pale imeandikwa. Mtazamaji aliifuta kichwani mwake.

Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, alizaliwa mwaka 1947 katika mji huohuo ulipoitwa Elisabethville. Mwishoni mwa 1973 alifika nyumbani kwa Fabian kuuza picha, na kutokana na ziara hiyo kukazaliwa mradi ambao sijui mwingine wa kufanana nao Afrika. Tshibumba alichora historia nzima ya nchi, picha zaidi ya 100, tangu kabla ya Wazungu hadi siku zake na hata siku zijazo, na kila alipoleta fungu la picha, alikaa mbele ya kinasa sauti akaeleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Hakujiita msanii tu. Alisema yeye ni mwanahistoria, na alimaanisha hivyo. Kalamu yake ilikuwa brashi. Mwanzoni mwa miaka ya themanini alipotea, na hatima yake haikujulikana.

Picha yake ya kifo cha Lumumba inafaa kutazamwa polepole. Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa tarehe 17 Januari 1961 katika pori la Katanga, si mbali na mji aliokulia Tshibumba. Katika picha, miili mitatu imelala ardhini. Lumumba ana jeraha ubavuni, na damu yake imetiririka ikaandika neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Nyuma, mbali, kuna misalaba mitatu juu ya kilima. Mkristo yeyote wa Kongo alielewa papo hapo bila kuhitaji mtu wa kumfafanulia.

Ila miili ile haikuwepo. Waliowaua waliifukua, wakaikatakata na kuiyeyusha kwa asidi, na ukweli huo ulikuja kujulikana vizuri kwa umma miongo kadhaa baadaye. Hadi Juni 2022, Ubelgiji ilipoikabidhi familia jino moja lililohifadhiwa na polisi aliyeshiriki, hapakuwa na kitu cha kuzika. Kwa hiyo mchoraji wa magunia alikuwa amewapa watu wa Lubumbashi kile ambacho dola iliwanyima: maiti nzima, iliyolala mahali, inayoweza kuliliwa. Kama ushahidi wa mahakamani, picha ile si sahihi. Lakini aliyeitundika sebuleni hakuwa na haja ya kuambiwa miili ililala kwa mpangilio gani. Alijua kuna kaburi linalokosekana, na hapa palikuwa pa kulianzia.

Utaniambia hapa ninajipinga: mbona mtazamaji huyu hakusahihisha? Alisahihisha, lakini si picha. Katanga ilikuwa imejitenga chini ya Tshombe kuanzia Julai 1960, na Lumumba aliuawa huko na watu wa huko wakishirikiana na Wabelgiji. Kumtundika Lumumba kama Kristo katika nyumba ya Lubumbashi kulikuwa kusahihisha msimamo wa mji wenyewe, na pengine wa jirani wa ukuta wa pili. Utambulisho ambao magazeti huuita wa kikabila au wa kijimbo ulikuwa ukijadiliwa kwa msumari na nyundo.

Ukitoka sebuleni ukaenda barabarani, hali hubadilika. Sanamu ya mjini haisahihishiki kirahisi. Dar es Salaam, pale Mtaa wa Samora unapokutana na Maktaba, amesimama Askari wa shaba, bunduki yake yenye singe imeelekezwa upande wa bandari. Alichongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson na kuwekwa mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake ni ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa hati ya Kiarabu na ya Kilatini. Yanawataja hata wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi. Yanawataja, lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari mara nyingi, na waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Nairobi walikumbuka kumweka mpagazi mmoja kati ya sanamu zao tatu. Dar es Salaam yeye amebaki kuwa jina la soko, Kariakoo, ambapo kikosi cha wapagazi kilikuwa na kambi, na kila siku watu huenda kununua vitenge na vyungu katika kumbukumbu yake bila kujua.

Ni maelfu wangapi hupita pale kwa Askari kila asubuhi? Ni alama ya kuelekezana: nikute Askari, teremkia Askari. Wanaopiga picha naye wengi ni wageni au maharusi. Sisemi hili kwa kulaumu. Sanamu ile iliwekwa na mshindi kuwaambia walioshindwa, na walioshinda pamoja naye bila kupata kitu, kwamba kufa kwao kulikuwa kwa heshima. Wakazi wa jiji wakajibu kwa namna waliyoiweza, yaani kuigeuza kituo cha basi. Kuipuuza kazi ya sanaa kwa miaka karibu mia nako ni kitendo cha mtazamaji, na mara nyingine ni hukumu.

Kabla yake, katika jiji hilohilo, Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann, na chini yake askari Mwafrika anayemtazama kwa kuinua uso. Waingereza waliing'oa wakaichukua kama ngawira, kisha ikafika Hamburg ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Kijerumani waliiangusha. Ndiyo, sanamu ya mkoloni wa Tanganyika iliangushwa na watoto wa wakoloni, huku sisi tukiwa na shughuli nyingine. Mwaka 2004 msanii Jokinen aliitoa stoo na kuisimamisha tena karibu na bandari ya Hamburg kwa zaidi ya mwaka, safari hii pamoja na mahali mtandaoni ambapo watu walitoa maoni yao na kupiga kura kuhusu hatima yake. Ndiyo kazi pekee ya aina hiyo niijuayo iliyompa mtazamaji kalamu tangu mwanzo.

Kwetu kalamu huwa ndani ya kitabu cha wageni. Kila makumbusho unayoingia, mezani kuna daftari lenye mistari iliyochorwa kwa rula: tarehe, jina, unatoka wapi, maoni. Safu ya maoni ni nyembamba kiasi cha kutosha maneno mawili. Basi watu wanaandika maneno mawili. Pazuri sana. Nimejifunza. Mungu awalaze. Mwalimu anasimama nyuma, wanafunzi arobaini wanasubiri zamu. Ukitaka kujua nchi inavyotaka historia yake ijibiwe, pima upana wa safu hiyo.

Nairobi kuna sanamu mbili zinazofaa kulinganishwa. Ya kwanza ni ya Dedan Kimathi, iliyozinduliwa Februari 2007, miaka 50 tangu anyongwe. Amesimama na bunduki mkono mmoja na jambia mkono mwingine, kifua mbele. Inatazamika, inapigika picha, na haina swali. Ya pili iko Uhuru Park, ilizinduliwa tarehe 12 Septemba 2015, na ilitokana na makubaliano ya 2013 ambapo serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari ya kupambana na Mau Mau. Inamwonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula. Hawatazamani. Kila mmoja amegeuza uso upande wake, kwa sababu aliyekuona usoni angeweza kukutaja akiteswa. Mchongaji aliyefika kwenye jambo hilo alikuwa amesikiliza mtu aliyekuwepo. Pesa za sanamu ya pili zilitoka kwa waliotesa, na bado yenyewe ndiyo iliyobeba kitu ambacho mzee wa Nyeri au Murang'a angekitikisia kichwa: naam, tulikuwa tunafanya hivyo.

Murang'a yenyewe ina jambo gumu zaidi. Katika kanisa kuu la Anglikana la Mtakatifu James na Mashahidi Wote, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, alichora mwaka 1959 picha tano za ukutani za maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa hadi kusulubiwa. Yesu ni mweusi, na milima na mabonde ni ya Ukikuyu. Kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau. Kwa hiyo picha hizo zilizosema, kabla ya uhuru, kwamba Mungu anaweza kuwa na sura yetu, ziko ndani ya jengo lililochukua upande katika vita vya ndugu kwa ndugu. Mwenye kuziona kama ushindi wa Uafrika yuko sahihi. Mwenye kukumbuka babu yake alikuwa msituni, akaingia na kusoma jengo limewekwa kwa ajili ya nani, naye yuko sahihi. Watalii wa sanaa husoma la kwanza tu, maana ndilo liko kwenye vitabu vya sanaa.

Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, tamthilia ya 1969, kilijaribu kulikata fundo la aina hiyo kwa ujasiri. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliua watu wengi mno, makadirio ya chini ni 75,000 na mengine yanafika mara tatu ya hapo au zaidi, wengi kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba. Maji ya dawa yaliyoaminiwa kuzuia risasi hayakuzizuia. Hussein aliuliza: nani anawajibika kwa imani iliyowaunganisha watu na kuwaua? Kinjeketile wake, mwishoni, anakataa kukana maji mbele ya adui, ingawa yeye mwenyewe amekwisha kuyatilia shaka, kwa sababu akiyakana, vizazi vitaambiwa babu zao walipigana kwa ajili ya uongo. Na Hussein alikuwa mwaminifu kueleza kwamba mhusika wake ni kiumbe wa kubuni, si yule mganga wa Ngarambe.

Mtazamaji wa Dar es Salaam wa 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, aliona taifa likizaliwa. Kizazi kilichofuata kilikutana nacho darasani, kikaulizwa kufafanua dhamira tatu na mbinu mbili za kisanaa. Sijui kazi iliyozimwa kwa heshima kubwa kuliko hii. Lakini mtu wa Ungoni, ambaye ukoo wake una machifu walionyongwa Songea Februari 1906, hukisoma tofauti. Yeye hana haja ya kuambiwa kwamba makabila yaliungana. Anajua nani aliungana, nani alichelewa, nani alisaidia Wajerumani, na bado anamtafuta babu aliyekatwa kichwa na fuvu lake kupelekwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alipofika Songea tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba msamaha, ukoo wa Mbano, wa babu huyo, haukuuliza kuhusu umoja wa kitaifa. Waliuliza kichwa kiko wapi. Hilo nalo ni jibu kwa tamthilia, hata kama aliyelitoa hajawahi kuifungua.

Mpaka hapa nimezungumzia vita vyenye umri wa kutosha kuwa hadithi. Jambo hugeuka pale mtazamaji anapokuwa bado na kovu bichi, na pengine panga bado liko nyuma ya mlango.

Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki, na kuwahamisha mamia ya maelfu. Boniface Mwangi, aliyekuwa mpiga picha wa magazeti, alikuwa amezipiga picha nyingi za siku zile. Kuanzia 2009 alizitoa barabarani, katika maonyesho yaliyoitwa Picha Mtaani, yakazunguka miji ya nchi. Hapakuwa na tiketi, hapakuwa na divai ya ufunguzi. Ulikuwa unatoka dukani na mkate wako unakutana na mtaa wako ukiungua. Wapo waliolia pale pale. Wapo waliogeuka wakaondoka.

Mchoro unakuacha useme haikuwa hivyo. Picha ya kamera inakufunga mdomo: ilikuwa hivyo. Hapo mtazamaji aliyeguswa husahihisha kwa njia nyingine. Huuliza kabla ya picha kulikuwa na nini. Huyu mwenye rungu ni kweli namjua, lakini umempiga picha saa kumi; saa nne asubuhi nani aliyachoma maduka? Swali hilo laweza kuwa la haki kabisa, na laweza kuwa la mkanaji anayetafuta sababu ya wa kwao kuua. Ni maneno yaleyale. Baada ya kulitafakari kwa muda, nimeona njia moja tu ya kuwatenganisha, nayo si kamilifu. Shahidi huongeza watu kwenye picha; mkanaji hupunguza. Shahidi anasema kulikuwa pia na mama Fulani upande wa kushoto, hakuonekana. Mkanaji anasema waliolala pale si watu wa hapa.

Wakati Mwangi alikuwa na kamera yake, Kibera kulikuwa na msanii ajulikanaye kama Solo 7, aliyezunguka na rangi akiandika wito wa amani kwenye kuta na mabati ya mtaa, mara mamia. Hakuchora vita hata kidogo. Maandishi yalibaki baada ya ghasia. Watu wa sanaa huwa na aibu kidogo na kazi kama hiyo. Wanaona ni ya kihubiri. Mimi naiona iko katika aina yake, kwani aliyeandika na aliyesoma walikuwa mtaa mmoja, na kila aliyepita na petroli mkononi alijua mwandiko ni wa nani.

Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, anaonekana kuwa upande wa pili kabisa: picha zake zimeonyeshwa Venice, Munich na London, na Wakenya wengi wanazijua kwa kioo cha simu tu. Huchora juu ya lubugo, gome la mti linalogongwa na Waganda hadi kuwa kitambaa, ambalo kwa desturi hutumika kuzikia. Kwanza aliliona sokoni Nairobi likiuzwa kwa watalii kama vikeka vya mezani. Gome lina matundu na mishono, na yeye haifichi. Mkunjo unapita katikati ya uso wa mtu na anauacha.

Mchoro wake wa 2015, #mydressmychoice, unatokana na tukio la Nairobi la 2014, wanaume walipomvua mwanamke nguo hadharani kwa madai kwamba amevaa vibaya, na video ikasambaa, wanawake wakaandamana. Armitage amemlaza mwanamke kama zile picha za uchi za wachoraji wa zamani wa Ulaya. Juu yake, karibu na ukingo, kuna miguu ya wanaume. Suruali na viatu tu, vichwa hatuvioni. Mtazamaji wa London anaweza kuanza na mchoro wa Velázquez aliokwisha kuuona kwenye National Gallery. Mwanamke wa Nairobi anaanza na viatu. Anavijua. Na mwanamume wa Nairobi, akiwa mkweli, anahesabu miguu na kujiuliza yake ingekuwa wapi, maana duara la wanaume lina pengo upande wa huku mbele, pale pale tunaposimama sisi kutazama.

Hapo ndipo mgawanyo wa watazamaji unapouma, kwa sababu picha iko mahali ambapo wa kwanza ndiye anayefika. Na si ya Armitage peke yake, ambaye angalau mwaka 2020 alianzisha taasisi ya sanaa Nairobi. Historia nzima ya Tshibumba ilinunuliwa na jumba la makumbusho la Amsterdam lililojulikana kwa muda mrefu kama Tropenmuseum. Picha hizo zimetunzwa vizuri kuliko ambavyo zingetunzwa Lubumbashi, hilo sibishi. Sebule nyingi zilizokuwa na ndugu zao hazipo tena. Mazungumzo yake na Fabian yamewekwa mtandaoni katika Kiswahili chake mwenyewe, kwa hiyo mtu wa Kolwezi mwenye simu anaweza kumsoma na kumpinga. Lakini maelezo yanayobandikwa kando ya picha huandikwa na msimamizi, kwa lugha za wanaopita pale. Binti wa mchimbaji wa shaba, aliyekula ugali miaka yote chini ya picha kama ile na sasa anaishi Brussels, ni mwendo wa saa chache kwa treni. Akisimama mbele ya kioo na kumwambia mlinzi kwamba kofia ya polisi haikuwa ya namna ile, na kwamba waliokuja na chakula hawakuruhusiwa kukaribia hivyo, mlinzi atamsikiliza kwa adabu, na hana pa kuandika.